Bi Maabara na Oili ya Mbarika

Mtaani kwetu tulimwita Bi Maabara kwa sababu ya lile koti jeupe. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia, akipima kila pipa kabla halijatoka, na kiwanda kilipofungwa wafanyakazi waliambiwa wakapumzike nyumbani mpaka watakapoitwa. Hawakuitwa. Wenzake makoti yao yaliishia kwa wauza nyama. Yeye lake alilifua, akalipiga pasi, na kila asubuhi akawa analivaa na kwenda nalo kwenye chumba cha kufulia kilichokuwa nyuma ya nyumba yake. Ukimwona anavyofunga vifungo ungesema amechelewa kazini.

Na kweli alikuwa na kazi, tena ya kujipa mwenyewe. Alitaka kutengeneza oili ya injini kwa mimea.

Wazo hilo halikutoka hewani. Mumewe alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa uani mwao hapo hapo: paa la bati, sakafu ya udongo ulioshindiliwa mpaka ukawa mweusi na mgumu kama lami, na shimo la kuingia chini ya gari. Oili chafu aliyoitoa kwenye magari aliimwaga kwenye mtaro wa nyuma, kama walivyomfundisha mafundi waliomtangulia. Hakuna aliyewahi kumwonyesha pengine pa kuimwaga. Basi mwaka mmoja maji ya kisima chao yakaanza kuwa na rangirangi zinazoelea juu yake, nyekundu na buluu na zambarau, mazuri kutazama. Yakawa yananuka. Wakakiziba kisima kwa mbao, wakawa wananunua maji kwa ndoo kama sisi wengine.

Kisha ikaja zamu ya mikono ya Fundi. Ilianza kwa kukauka, ikapasuka katikati ya vidole, halafu kidonda kimoja kwenye kidole cha shahada kikakataa kupona. Daktari alimwambia aache kugusa oili chafu.

"Daktari," Fundi akasema, "hapo ni kama umemwambia mwashi asiguse simenti."

"Vaa glavu, basi."

"Nikivaa glavu nati siisikii."

Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe huku anacheka. Mkewe hakucheka. Alichukua ule mkono akaugeuza kwenye mwanga wa dirishani, akautazama kwa muda, na kesho yake akaanza kukamua alizeti.

Alizeti haikumfikisha mbali. Alipoyaacha mafuta yake kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, moto mdogo, siku baada ya siku, yaligeuka gundi. Ufuta nao vivyo hivyo. Akaja kwenye mbarika, ule mmea ambao wengine huuita mnyonyo, unaoota wenyewe kando ya majalala na kwenye viwanja visivyo na mwenyewe. Mafuta yake ni mazito na yanashika chuma vizuri, hayatiririki yakaisha. Tulikuwa tunamwona amejitosa majalalani na kikapu, anachuma vile vishada vyenye miiba.

"Bi Maabara," muuza duka akamwita siku moja, "hizo mbegu si ndizo za dawa ya kuendesha tumbo?"

"Ndizo," akajibu bila kugeuka. "Mimi nataka ziendeshe gari."

Mtaa mzima ukalirudia neno hilo kwa wiki nzima. Sijui kama alijua kuwa tulikuwa tunamcheka yeye.

Kiwanda kilipoanza kuuza vyuma chakavu, alikwenda akarudi na mashine ndogo ya kukamulia, ile ya kuzungusha kwa mkono waliyokuwa wakiitumia maabara kwa majaribio. Fundi aliifunga kwa bolti juu ya mlango wa zamani uliowekwa kwenye matofali kuwa meza. Mbegu zilipurwa maganda, zikakaushwa, zikakamuliwa. Mafuta yakachemshwa taratibu na maji ili utando ujitenge, yakaachwa yatulie, yakachujwa kwenye kitambaa kizito, yakarudishwa motoni kuondoa unyevu wote. Kisha aliyachanganya na dawa zake za kuyafanya yawe mepesi na kuyazuia yasichachuke kwenye joto. Hapo ndipo alipoumia kichwa. Dawa hii iliyafanya yawe mepesi mno, nyingine iliyafanya yatoe povu. Alidondosha matone kwenye kipande cha bati la moto na kuyatazama mpaka macho yakatoa machozi. Mengine yaliacha alama ya kahawia kama rangi ya kabati. Hayo aliyamwaga, akaanza upya.

Wanawake kadhaa wa upande wa machimbo ya mawe waliposikia kuna mtu anataka mbarika, wakaanza kumletea kwa magunia. Aliwapokea wote.

Ilifika siku akasema iko tayari kujaribiwa. Fundi hakuuliza maswali. Alitoa oili yote kwenye gari lake la kubebea vipuri, akamimina ya mkewe, akawasha. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini na mpini sikioni, kama daktari anayesikiliza kifua. Bi Maabara alisimama pembeni, mikono mifukoni mwa koti.

"Vipi?"

"Nyamaza kwanza."

Akasikiliza tena, huku na kule.

"Inapumua vizuri," akasema. "Mke wangu, inapumua vizuri kuliko mimi."

Nilikuwa pale getini, nikamwona Bi Maabara akikaa chini juu ya tairi, ghafla. Alifunika uso kwa viganja. Ndiyo mara pekee niliyomwona na furaha ambayo hakuificha.

Gari lile lilitembea miezi bila tatizo. Lilikuwa linakwenda sokoni na kurudi, dukani na kurudi, na harufu yake ilikuwa nzuri. Fundi akaanza kujisifu kwa wateja. Na hapo akatokea mdogo wake Bi Maabara.

Huyu alikuwa dereva wa mikate. Alikuwa na gari dogo la mzigo alilolipata kwa jasho lake, na kila alfajiri lilipakia mikate ya moto na kupanda mlima kuipeleka kwenye maduka ya juu. Bi Maabara ndiye aliyemlea tangu mama yao alipokuwa mgonjwa. Alimwogesha, alimpeleka shule, alimfundisha herufi kwa mkaa kwenye sakafu.

"Dada, nitilie na mimi hiyo oili yako."

"Ngoja kwanza. Gari la shemeji yako halitoki hapa mtaani. Lako linapanda mlima na mzigo."

"Sasa utajuaje kama inafaa, kama hujaitia kwenye gari linalofanya kazi?"

Dada yake akafuta mikono kwenye koti. Hilo ndilo swali alilokuwa akijiuliza mwenyewe.

"Dada, nilikuamini kwenye herufi, nisikuamini kwenye oili?"

Alimkubalia kwa sharti: kila mwisho wa mwezi alete gari oili ibadilishwe, hata kama inaonekana safi. Mdogo wake akaapa. Mara ya kwanza alikuja, ya pili akaja. Kisha wenye mikate wakamwongezea safari, akawa anatoka alfajiri na kurudi jua limezama. Dada alimtumia ujumbe: leta gari. Akajibu: kesho, Dada. Ujumbe mwingine, kesho nyingine. Kiwanda cha mikate hakikuwa mbali, na Bi Maabara angeweza kwenda mwenyewe, akasimama mbele ya gari na kumkatalia kuondoka. Lakini nadhani na yeye alitaka kuona oili yake itahimili mpaka wapi. Hilo ni wazo langu mimi. Yeye hakuwahi kulisema.

Injini ilinoki, ikagoma kuzunguka, katikati ya mlima, gari likiwa limejaa mikate. Lilivutwa kwa kamba mpaka uani kwa Fundi. Mdogo wake alishuka, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kutazama.

Fundi alifungua sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Hakikutoka kitu. Akaingiza kidole kile kilichofungwa bandeji, akakitoa. Kilikuwa kimeshika utelezi mzito wa kahawia, unavutika kama gundi ya fundi viatu. Chujio la kuvutia oili lilikuwa limezibwa kabisa. Juu, krankishafti, chuma kikuu cha kuzungusha injini, ilikuwa imeungua rangi ya buluu.

Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anaugusa ule utelezi, anausugua katikati ya vidole, anaunusa.

"Joto limeipika," akasema polepole. "Juu kule mlimani joto limeipika."

"Dada," mdogo wake akasema, "niambie tu kama kosa ni langu. Nilichelewa kuja."

"Ulichelewa."

Akatikisa kichwa kukubali.

"Lakini oili nzuri humvumilia mtu aliyechelewa," Bi Maabara akaongeza. "Hii haikukuvumilia. Kosa ni langu."

Mdogo wake aliinuka, akachukua koti lake kwenye kiti cha gari, na mfuko wa chakula chake cha mchana, akaondoka kwa miguu. Hakupiga kelele wala kumlaumu. Afadhali angepiga kelele.

Wenye mikate hawakuwa na subira ya kungoja injini nyingine. Walimpa mtu mwingine njia yake. Yeye wakampa kazi ya kusukuma matoroli ya unga ndani ya kiwanda hicho hicho, kwa huruma. Mkewe ndiye aliyekuja kusema yale ambayo yeye hakuyasema. Alisimama mlangoni kwa Bi Maabara, hakukubali kuingia.

"Wifi, kama ulitaka panya wa majaribio, ungewakamata huko kiwandani kwenu. Mume wangu si panya."

"Najua, wifi."

"Hujui. Ungejua ungelala?"

Kisha habari ikatembea yenyewe, ikanenepa njiani. Ikasemwa kwamba Fundi anatia mafuta ya kupikia kwenye magari ya watu. Wateja wakapungua. Wengine walipita na magari yao mbele ya lango, wakampungia mkono na kwenda kwa fundi mwingine mbele. Fundi aliendelea kufagia gereji kila asubuhi. Aliwahi kumwambia mmoja wao, mbele yetu, "Mke wangu amejaribu kitu. Wewe umejaribu nini?" Yule mtu akasema hajajaribu kitu, na ndiyo maana gari lake linatembea. Tukacheka. Fundi naye alijitahidi kucheka.

Bi Maabara hakuacha. Aliweka oili yake kwenye chupa safi na ule utelezi kwenye kikopo, akapanda basi kwenda kwenye chuo cha ufundi mjini, ambako kulikuwa na mashine za kupimia mafuta. Injinia aliyempokea alikuwa kijana mpole. Alimsikiliza mpaka mwisho, akapima alichopima, akamwita tena baada ya siku kadhaa. Alimletea kiti mwenyewe.

"Mama, umefika mbali kuliko nilivyotarajia. Sikutanii. Mbarika ni mahali sahihi pa kuanzia."

"Halafu?"

"Halafu kuna mlima. Ili isigande kwenye joto, mafuta yenyewe yanatakiwa kuvunjwa na kuungwa upya kwa mitambo mikubwa. Hiyo haiwezekani jikoni. Na dawa za kuongezea zinatoka viwanda vichache duniani, haviuzi kwa chupa. Nyingi zimetengenezwa kwa mafuta yale yale ya ardhini unayoyakimbia."

Bi Maabara alitazama mikono yake.

"Na mikono? Mume wangu akishika oili ya mimea, si afadhali?"

Niliambiwa na Bi Maabara mwenyewe kwamba hapo ndipo alipojua jibu, kwa jinsi kijana yule alivyoshusha macho.

"Ikiwa mpya, afadhali sana. Lakini ikishapita kwenye injini, Mama, inabeba masizi na vumbi la vyuma. Hata ungetia maziwa, yangetoka sumu."

Yaani hata kama ingefaulu, isingemponya Fundi. Miaka yote ile, majiko yote yale ya mkaa. Alishukuru, akasimama. Injinia hakutaka aondoke mikono mitupu, akamwambia kuna mahali oili yake ingefaa kama ilivyo: kwenye misumeno ya injini, ile ya kukatia miti. Mnyororo wake unahitaji mafuta yanayonata, na hayazunguki humo ndani yakapikwa. Yanarushwa nje na kuishia ardhini. Ya mimea ni bora kuliko yoyote, kwa sababu udongo unayala.

Alirudi akaitengeneza hiyo ya misumeno. Nini kingine angefanya? Juu ya mlima ule ule wa mikate kulikuwa na msitu, na ndani ya msitu kulikuwa na wapasua mbao. Mnyapara wao alijaribu chupa moja, akarudi kutaka dumu, akarudi kutaka pipa. Kwa mara ya kwanza mashine ya kukamulia ilizunguka kutwa nzima. Wanawake wa machimboni walileta mbarika kwa mikokoteni.

Fundi wakati huo alikuwa hawezi tena. Kidonda kilikuwa kimeingia mfupani, na hospitali ikasema ni saratani ya ngozi. Wakamkata kidole, kisha kile cha pili yake. Alirudi nyumbani akapangisha gereji kwa fundi mwingine, mtu mchangamfu, mchapakazi, na siku ya kwanza tu Bi Maabara akamwona anabeba beseni la oili chafu kuelekea mtaroni.

"Baba, usimwage hapo, tafadhali."

Yule fundi alisimama na beseni lake, hakuwa na ubaya wowote.

"Sawa, Mama. Nimwage wapi?"

Bi Maabara alitazama mtaro. Akatazama uani kote, huku na huku. Fundi mpya alingoja kwa adabu, akaona hajibiwi, akaenda akamwaga.

Siku moja Mnyapara alikuja kuchukua mzigo akamkuta Fundi amekaa kivulini na mkono wake uliofungwa. Akavuta kigoda, akataka kumpa moyo mgonjwa.

"Mzee, huyu mkeo ametuokoa. Zamani tulikuwa tunatia oili chafu ya magari kwenye misumeno, mikono ilituwasha mpaka tunajikuna usingizini. Ona sasa." Alikunjua viganja vyake, vipana, vina sugu, lakini vizima, ngozi laini kama ya mtu anayekanda unga. "Vijana wangu wote wako hivi."

Fundi alivitazama vile viganja. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Bi Maabara alikuwa anafunga kizibo cha pipa. Alikifunga, akakifungua, akakifunga tena. Nilimwona akiingia ndani na hakutoka mpaka lile gari likaondoka.

Kutoka pale kwake mlima ulionekana wote. Mwanzoni ulikuwa na mapengo, kama kichwa chenye mapunye. Baadaye mapengo yakaungana. Malori ya magogo yalishuka mchana kutwa, na vumbi lake lilitua kwenye nguo zetu kambani. Mvua zilipokuja, mto wa chini ulishuka na matope mekundu, bomba la mtaa likaziba, na hata wauza maji wa ndoo wakawa wanaleta kitu chenye rangi ya kutu. Watu walianza kumtupia Bi Maabara maneno, kwamba yeye ndiye anayelisha ile misumeno. Hakubisha.

"Nisipowauzia mimi watatia oili chafu," aliniambia nilipomuuliza. "Na miti wataikata vile vile. Nimeligeuza hilo kichwani kila upande. Kila upande ni hivyo hivyo."

"Basi acha, upumzike."

"Dawa za mgonjwa nitanunua kwa pesa gani?"

Nilimsaidia kubeba ndoo, nikaenda zangu.

Bi Maabara alimwona tena mdogo wake kwenye mazishi ya Fundi, saratani ilipommaliza. Alikuja na mkewe, wakakaa nyuma. Alibeba jeneza pamoja na wengine, na baadaye akamshika dada yake mkono, akamwambia, "Pole, Dada." Akajibiwa, "Ahsante, mdogo wangu." Wifi akaita, akasema basi la mwisho litawaacha, wakaondoka.

Baada ya hapo Mnyapara alikuja mara moja tu. Alikuja bila gari, amevaa nguo za kwenda mjini.

"Mama, tumemaliza pale juu. Tunahama, kuna msitu mwingine mbali huko. Nimekuja kuaga kiungwana."

"Na oili?"

"Huko wana yao. Oili chafu, bure kabisa, kila gereji inatoa." Akaona uso wake, akakohoa. "Nitawaambia habari zako."

Wanawake wa machimboni hawakuwa na habari. Walifika asubuhi iliyofuata na mikokoteni imejaa, nami nilikuwa nafagia mbele ya nyumba yangu, nikamsikia Bi Maabara akiwaeleza getini kwamba hanunui tena. Alieleza kwa utulivu, kama alivyokuwa akieleza kila kitu. Hawakumwelewa mara moja. Walidhani ni bei, wakapunguza. Akawaambia si bei. Wakapunguza tena. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, akauliza:

"Hata hizi tu tulizokwisha kuchuma, Mama?"

Bi Maabara aliitazama mikokoteni, akafungua geti lote. Walishusha magunia kwenye chumba cha kufulia, wakayapanga mpaka dirishani, mlango ukawa haufungi. Akawalipa alichokuwa nacho, wakaondoka wakimshukuru, na wakasema wataleta mengine mwezi ujao. Hakuwarudisha kuwasahihisha. Aliwasindikiza kwa macho mpaka walipokata kona, kisha akaniuliza kama ninajua mtu yeyote anayetaka mbegu za mbarika. Nikamwambia nitauliza.

Niliuliza. Hakuna aliyezitaka.